Hodi Mbavuni

Mama hajawahi kuonja pombe. Ndiyo maana daktari alipomwambia ini lake lina mafuta, alirudi nyumbani Kariandusi akanyamaza wiki mbili. Kwetu ukitaja ini, watu wanasikia chang'aa.

Mimi nilikuwa nimeshaandika kuhusu ugonjwa huo. Maneno mia nane, kwa mteja nisiyemjua, nikalipwa kwa M-Pesa nikanunua unga na bando. Niliandika kwamba kisukari na unene huleta mafuta kwenye ini hata kwa asiyekunywa. Mama ana sukari mwaka wa tisa huu. Sikuunganisha.

Altrasaundi ya kawaida ilionyesha mafuta, lakini haiwezi kukuambia vizuri kama makovu yameanza. Zamani ungedungwa sindano, kipande kidogo cha ini kitolewe. Siku hizi kuna FibroScan, mashine iliyobuniwa Ufaransa. Tukapanda matatu kwenda Nairobi.

Nesi akauliza kama mama amekula. Alikuwa amekula: chai na mandazi. Kumbe unatakiwa ukae angalau muda wa saa tatu bila chakula, maana ukishakula damu huongezeka kwenye ini na kipimo kinapanda. Tukaketi kwenye benchi.

Hapo mama akafungua fundo la leso. "Hii ni karo yako ya muhula ujao. Tulipie kipimo, halafu uongee na chuo wakusubiri."

Niliacha chuo miaka miwili iliyopita. Ningeweza kuitikia tu. Nikamwambia.

"Na zile nimekuwa nikituma?"

"Nyumba, mama. Na chakula."

Hakulia. Alizifunga pesa upya, akatazama ukuta. Zilikuwa zimebaki saa mbili na nusu.

Walipomwita, alisema niingie naye. Alilala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Kifaa kikawekwa katikati ya mbavu, kikagonga kidogo, kama mtu anayepiga hodi. Kila mgongo hutuma wimbi: ini likiwa laini linakwenda polepole, likiwa gumu linakimbia. Mashine hupima mwendo huo. Mara kumi. Mama alizihesabu kwa midomo.

Kilopaskali 9.1. Ingekuwa chini ya 8, daktari alisema, asingehofia makovu makubwa. Juu ya 12, angehofia sana. "Hapa katikati tunafuatilia." Apunguze uzito, sukari ishuke, arudi kupimwa tena.

Mama alilipa kwa zile zile.

Tulishuka Kariandusi jioni, vumbi jeupe la daiatomaiti likiwa kwenye viatu vya kila mtu. Wageni huja hapa kuona mashoka ya mawe aliyoanza kuyachimbua Louis Leakey miaka ya 1920. Sisi tulikutana na jirani.

"Mlikuwa wapi siku nzima?"

Nilianza kutunga kitu. Mama akanitangulia.

"Hospitali. Nina shida ya ini," alisema, kwa sauti. "Na huyu aliacha chuo."

Jirani hakujua aanzie wapi kutupa pole.