Herufi moja kwenye medali yangu



Leo sitakupa somo la siku kama ulivyozoea. Nina jambo la kuungama, linalohusu ile medali nyeusi ya meli ambayo wengi wenu mmewahi kuishika kwa mikono yenu.

Wewe unayenifuata kwa muda unajua nakusanya medali. Si zile za riadha, wala si nishani za wanajeshi. Nakusanya medali za kumbukumbu, vipande vya shaba au chuma vilivyotengenezwa ili mtu au tukio lisisahaulike. Sarafu ina thamani iliyoandikwa juu yake. Medali haina, haikununulii hata mkate. Mama Mchungaji huziita "pesa za wafu", na sijawahi kumshinda katika hilo.

Nilianza na picha tu, ndani ya kitabu. Mwaka 1438 mfalme wa Konstantinopoli, Yohane wa Nane Palaiologos, alifika Ferrara kule Italia kwa mkutano mkuu wa kuunganisha makanisa ya Mashariki na Magharibi. Waturuki walikuwa wamemkaba koo, alihitaji msaada. Mchoraji mmoja, Pisanello, akamtengenezea medali. Upande mmoja una uso wake na kofia kubwa yenye ncha mbele. Upande wa pili yuko juu ya farasi, amesimama njiani mbele ya msalaba, ameunganisha mikono, anaomba. Wataalamu wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa sanaa hii yote. Ule muungano haukudumu, na Konstantinopoli ikaanguka mwaka 1453, lakini mtu yule bado yuko juu ya farasi wake, anaomba. Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa.

Medali za namna ile zilichongwa kwanza kwa nta, kisha ikatengenezwa kalibu na shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa ndani. Shaba ikipoa hunywea kidogo. Kwa hiyo mtu akichukua medali ya kweli na kuitolea kalibu mpya, nakala yake itatoka ndogo kuliko mama yake. Nakala ya nakala itakuwa ndogo zaidi, na nywele, kope na herufi zitaanza kulainika kama sabuni iliyotumika. Ndiyo maana mkusanyaji hutembea na rula na kioo cha kukuzia. Mimi haya niliyajua, mpendwa. Nakuomba uyakumbuke unapoendelea kusoma.

Mwaka 2017 nilialikwa na ushirika wa Wakenya kule Uingereza. Jumamosi wenyeji wangu wakanipeleka kwenye soko la vitu vikuukuu, na hapo mezani, kati ya vijiko na saa mbovu, nikaona kasha dogo. Ndani yake kulikuwa na medali ya chuma, upana wake kama milimita 56. Upande mmoja meli inazama, imejaa mizinga na hata ndege za vita. Upande wa pili mifupa ya mtu imesimama dirishani inakata tiketi, na abiria wamepanga foleni. Meli ni Lusitania. Muuzaji akaniambia ni ya Wajerumani wenyewe, ya mwaka 1915. Nikalipa pauni 45. Nyumbani nikasema 15. (Hilo nalo nimeshaliungama, na adhabu yake niliitumikia.)

Habari yenyewe ni ya kweli na ni nzito. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Ujerumani iliipiga Lusitania kwa torpedo karibu na pwani ya Ireland. Watu 1,198 walikufa, watoto wachanga wakiwemo. Lakini kwenye medali imeandikwa tarehe 5. Kwenye kasha mlikuwa na karatasi iliyoeleza kwamba Wajerumani walitengeneza medali hii kuufurahia ushindi wao. Mimi nikaunganisha mambo: kumbe walipanga, wakaandaa na sherehe kabla ya maiti!

Unaijua nafsi ya mhubiri akipata kitu kama hicho. Nilisimama madhabahuni na Mithali 24:17 mkononi, nikaizungusha medali ile kwa washirika wote, safu kwa safu. Nikaihubiri tena kwenye kesha la vijana, na tena kwenye semina ya wanandoa, ingawa hata sasa sielewi wanandoa waliihitaji ya nini.

Kisha Jumatano moja, kwenye mafunzo ya Biblia, kijana mmoja wa kwaya akainua mkono. Ni mwalimu wa historia, na shuleni alisoma Kijerumani mpaka kidato cha nne. Alikuwa ameishika medali kwa makini sana.

"Samahani Mchungaji," akasema, "Mjerumani si angeandika MAI? Hapa wameandika MAY."

Ningeweza kusema, "Nionyeshe." Neno moja tu. Badala yake nikasema, "Kijana wangu, hapa hatukuja kusoma Kijerumani." Kanisa zima likacheka. Akairudisha medali, akakaa. Jumapili ya pili yake hakuwa kwenye kwaya. Ya tatu pia. Nikawaambia wazee kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kukemewa.

Ilinichukua miezi minane. Usiku mmoja usingizi umekataa, nikatoa kioo cha kukuzia. M, A, Y. Nikachukua sumaku ya mlango wa friji, ikang'ang'ania medali kama mtoto kwa mamaye. Nikakaa jikoni nikaanza kusoma kile ambacho ningesoma kabla ya kuhubiri.

Aliyeibuni alikuwa Karl Goetz, wa Munich. Aliitengeneza miezi kadhaa baada ya meli kuzama, si kabla. Tarehe 5 lilikuwa kosa lake, na baadaye alilisahihisha. Tena hakutumwa na serikali, aliifanya kwa hiari yake, na chache tu. Alitaka kuikejeli kampuni ya meli kwa kupakia abiria na risasi kwenye meli moja na kuweka biashara mbele ya uhai. Risasi zilikuwamo kweli. Na kabla ya safari ubalozi wa Ujerumani ulikuwa umetoa onyo kwenye magazeti ya New York. Ukitazama vizuri, kwenye ile foleni kuna mtu anayesoma gazeti.

Simtetei Goetz. Watu 1,198 wamezama na wewe unachonga kejeli? Lakini Waingereza waliipata medali yake wakaona dhahabu. Wakatengeneza nakala za chuma, karibu laki tatu, wakazitia kwenye makasha pamoja na ile karatasi, wakaziuza shilingi moja moja, na mapato yakaenda kwa hisani, kusaidia wanajeshi waliopofuka na Msalaba Mwekundu. Kosa la tarehe wakaliacha pale pale, maana liliwafaa. Huko kwenye nakala ndiko MAI ilikogeuka MAY. Hiyo ndiyo niliyoinunua mimi. Zaidi ya miaka mia moja baada ya vita, mchungaji wa Nakuru alikuwa bado anawafanyia kazi yao, bila mshahara. Na ni vita hivyo hivyo vilivyowabebesha babu zetu mizigo, mpaka jina la Carrier Corps likabaki kwetu kama Kariokor.

Jumapili iliyofuata nilisimama na sumaku na kioo, nikawaambia washirika nilichowafundisha na mahali nilipokosea. Nikataja pia swali la Jumatano na jibu nililolitoa. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akaniuliza nje kama sasa medali haina thamani. Nikamwambia kwa pesa ni kidogo, ziko nyingi mno. Lakini kwangu imepanda.

Yule mwalimu nilimpigia mara tatu kabla hajapokea. Alikuja jioni, Mama Mchungaji akapika chapati. Nilimwomba radhi nikiwa nimeketi, maana nikisimama huanza kuhubiri. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilikuwa nauliza tu."

Siku hizi anaimba kwenye kanisa lingine, upande wa pili wa mji, na nasikia wanamtegemea sana kwa sauti ya nne. Alipokuwa anaondoka aliniomba aibebe medali awaonyeshe wanafunzi wake wa kidato cha tatu, pamoja na kasha na ile karatasi. Nikampa na kioo cha kukuzia. Ni mwezi wa tano sasa. Hajairudisha, nami sijamuuliza.