Dini ya Mdomo na Dini ya Jembe

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za michezo, za safari za wanafunzi wa jiografia, na mashairi ya wenzetu. Mimi leo nataka kuwaelezeni jambo la aibu lililonipata, maana naona laweza kumfaa mtu. Kabla ya kuliandika nilimwomba mama yangu ruhusa, naye alinijibu, "Andika, mwanangu, lakini usijipambe." Basi nitajitahidi nisijipambe.

Mimi ni mtoto wa milima ya Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Kwetu ni baridi, na mashamba yamekatwa matuta juu ya miteremko kama ngazi. Twalima viazi ulaya, mtama na maharagwe. Baba yangu alifariki mwaka 2021, wakati shule zetu zilipokuwa zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Zilifungwa Machi 2020, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Wengi wa rika langu hawakurudi darasani tena. Mimi nilirudi kwa kuwa mama aliuza mbuzi wake wote wanne.

Nilipofika kidato cha tano, wenzangu wa Umoja wa Wakristo walinichagua kuwa mtunza hazina. Sikushangaa. Nilikuwa na sauti nzuri ya kuomba, nilijua aya nyingi kwa moyo, na kila nilipopewa nafasi ya kusema nilipenda kueleza sura ya nne ya Matendo ya Mitume, yenye habari za waumini wa kwanza walivyoshirikiana mali hata pasiwe na mhitaji kati yao. Sura ya tano, yenye habari za Anania na Safira waliozuia sehemu ya fedha kwa siri, sikupenda kuisemea.

Katika Umoja wetu tuna sanduku la bati. Kila Jumapili hutiwa sarafu, na mwisho wa muhula fedha hizo hununua sabuni na sukari, tukawapelekea wagonjwa wa hospitali ya misheni iliyo jirani. Ninyi mliowahi kuuguza mtu mwajua jinsi mambo yalivyo: chakula cha mgonjwa hupikwa na jamaa zake, na nguo zake hufuliwa na jamaa zake. Asiye na jamaa hupata taabu sana. Hao ndio tuliokuwa tukiwatafuta.

Katika muhula wa tatu wa mwaka jana ukungu uliingia katika viazi vyetu. Mama akavuna magunia mawili mahali alipozoea kuvuna tisa. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la saba, akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umekaribia. Habari hizo zilinifikia siku ya Ijumaa. Katika sanduku mlikuwa na shilingi 62,000. Jumamosi nikatoa 45,000, nikashuka sokoni kwa wakala wa fedha, nikampelekea mama. Katika daftari nikaandika tarakimu nyingine. Mama aliponiuliza fedha zimetoka wapi, nilimwambia ndugu wa Umoja wamenichangia. Usiku ule niliongoza maombi kama kawaida yangu, na wenzangu wakasema nimeomba vizuri.

Mwisho wa muhula tulikwenda hospitali. Kwa shilingi 17,000 tulipata miche mitatu ya sabuni, tukaikata vipande 24. Sukari haikupatikana kabisa. Wenzangu walisema, "Muhula huu watu wametoa kidogo," nami nikanyamaza. Tulipokuwa katika wodi ya wanawake vipande viliisha kabla hatujafika kitanda cha mwisho. Hapo alilala bibi mmoja aliyefunikwa kanga iliyochakaa, hana mtu wa kumwangalia. Akanyosha mkono kwangu, akauliza, "Sabuni imekwisha, mjukuu wangu?" Nikasema, "Imekwisha, bibi." Akaurudisha mkono wake chini ya kanga. Hakulalamika. Jambo lile lilinifuata mpaka nyumbani.

Sasa sharti niseme kidogo juu ya ushirika wa kwetu, maana pasipo huo nisingekuwa na habari hii ya kuandika. Wasomaji wengi mmesikia habari za Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1929 Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto wa uamsho ukawaka Gahini, katika Rwanda, alikokuwa akifanya kazi huyo daktari, ukaenea hata kwetu Kigezi. Mwaka 1935 watu walikusanyika Kabale katika mkutano mkubwa, na mwaka 1937 ndugu wengine walivuka kwenda Kenya. Desturi yao ilikuwa hii: mtu kuungama waziwazi, kurudisha alichoiba, na kukutana kila juma ili waangaliane. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Wako waliojiona bora kuliko Wakristo wenzao, na jambo hilo lilileta magomvi kanisani. Lakini ile desturi ya kukutana ingali hai kwetu mpaka leo, na mama yangu hakosi hata Alhamisi moja.

Alhamisi ya kwanza ya likizo nilifuatana naye. Walikuwa watu kumi na wanane hivi, wamekaa juu ya mabenchi na mikeka katika nyumba ya mzee mmoja. Ikafika zamu ya mama kusema. Akasimama, akamshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wa Umoja wa Wakristo wa shule yetu, ambao hawamjui, nao wamemlipia binti yake karo akafanya mtihani. Machozi yalimtoka. Watu wote wakaimba kwa furaha, na mama mmoja akanishika mkono, akasema, "Heri ninyi vijana." Ndugu zangu, nimepigwa fimbo mara nyingi maishani, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia kwa sifa zile.

Watu walipotoka nilibaki nyuma, nikamweleza mwenye nyumba mambo yote. Mzee yule ana umri zaidi ya miaka sabini. Hakunikemea, wala hakusema upesi kwamba nimesamehewa. Alinihadithia habari za marehemu baba yake, ambaye katika siku za ukoloni aliiba majembe mawili ya kazi ya barabara. Baada ya kuokoka alitembea siku nzima kuyarudisha, hali mojawapo limekwisha kulika kwa kulimia. Msimamizi alicheka, akamwambia aende zake nayo. Akakataa kuondoka mpaka yalipopokewa.

Kisha mzee akasema, "Mama yako ameshukuru mbele ya watu kwa neno lisilo la kweli, wala si kosa lake. Basi lazima yeye awe wa kwanza kuambiwa." Akachukua tochi, tukaenda pamoja usiku ule ule.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja tu: "Ni sabuni ya wagonjwa iliyomlipia mtoto wangu?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akafunga mlango. Mzee alikaa nami nje mpaka jogoo wa kwanza, hakusema mengi. Alfajiri mama alitoka na majembe mawili, akanipa moja, akasema, "Twende tukalipe."

Kibarua cha kulima kwetu hulipwa shilingi 5,000 kwa siku. Fanya hesabu, msomaji: siku tisa. Nililima siku tisa katika mashamba ya majirani, na kila jioni mama alizifunga fedha katika kitambaa. Siku ya tatu na ya nne mzee yule alikuja kulima kando yangu, pamoja na miaka yake yote. Nilimwomba apumzike. Akajibu, "Deni ni lako, lakini shamba ni refu." Na Jumamosi iliyofuata watu kumi na mmoja wa ushirika walifika katika shamba letu sisi, kila mtu na jembe lake, wakapanda viazi mpaka jua la mchana. Mama alikuwa amekwisha kuwaambia ukweli Alhamisi. Nilitazamia kuonewa haya. Badala yake mama yule yule aliyeniita heri alisema, "Sisi nasi tumekosa. Tuliona viazi vyako, dada, vimekauka, tukaimba tu." Kisha wakashauriana juu ya karo ya mdogo wangu aingie sekondari: mmoja ametoa mtama, mwingine kuku, mwingine kazi ya mikono. Haikutosha yote, lakini alianza shule siku moja na wenzake.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwanza kwa mkuu wa shule, kisha Jumapili jioni nikasimama mbele ya Umoja wetu. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri, yakanipotea yote. Nikaweka mezani kile kitambaa chenye shilingi 45,000 na lile daftari, nikasema nilichofanya. Kimya kilikuwa kirefu. Mwenzangu mmoja alisema nitolewe katika Umoja kabisa. Sikuona kwamba ameniadhibu kupita kiasi. Ni yeye aliyebeba sukari mwaka wa kwanza, naye alikumbuka kile kitanda cha mwisho. Baadaye mwenyekiti aliuliza swali ambalo sikulitazamia. Alisema, "Mtu huyu ametuongoza katika maombi mwaka mzima. Ni nani kati yetu aliyejua kwamba dada yake alikuwa amerudishwa nyumbani?" Hakuna aliyeinua mkono. "Basi," akasema, "yeye ameficha, nasi hatukuuliza."

Niliondolewa katika kazi ya hazina, na ilikuwa haki. Mkuu wa shule alinipa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja wa kanisa kwa muda wa majuma mawili, nayo pia ilikuwa haki. Kusamehewa na kuadhibiwa havikugombana, kama nilivyokuwa nikidhani. Zakayo naye hakuambiwa abaki na mali ya watu kwa kuwa amepata mgeni mwema nyumbani mwake.

Tangu siku ile tumegeuza mambo mawili. Kwanza, sanduku sasa lina makufuli mawili na funguo zake huwekwa na watu wawili, na hesabu husomwa kwa sauti Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Kufuli si dalili ya kukosa upendo, lingenisaidia sana. Pili, tumejigawa katika vikundi vya watu sita sita. Kila Alhamisi usiku, kabla ya kuomba, kila mmoja huulizwa hali ya kwao, na haruhusiwi kujibu "salama" tu. Katika muhula mmoja tumejua mengi: yuko ambaye hakuwa na godoro, yuko aliyepokea barua ya msiba akaificha siku nne. Mficha maradhi, kilio humfichua; lakini nimejifunza kwamba mtu huficha zaidi mahali pasipo na mtu wa kumwuliza.

Msidhani kwamba yote yamekuwa mazuri. Wako wasiopenda niombe mbele yao, na mmoja huangalia mfuko wake nikikaa karibu. Sina neno nao. Uaminifu hauvunwi kwa siku tisa. Na lile kubwa zaidi sikuweza kulitengeneza. Tulipokwenda hospitali tena nilibeba mche mzima wa sabuni niliounua kwa fedha yangu, nikaenda moja kwa moja kitanda cha mwisho. Alilala mwanamke mwingine. Nikamwuliza mwuguzi habari za yule bibi, lakini alikuwa mgeni katika wodi ile, hakumjua. Nikampa sabuni yule mwanamke, akashukuru. Nilitoka nje nikakaa juu ya ngazi mpaka wenzangu waliponiita.

Zamani nilidhani imani ni jambo la kinywa na la moyo, na ushirika ni kuimba pamoja. Sasa naona kwamba Paulo alipowaagiza Wagalatia wasaidiane mizigo yao, alijua kwamba hatuwezi kumsaidia mtu mzigo tusiouona. Basi mwenye mzigo auonyeshe, na mwenye macho aulize.

Kwenu, kaka zetu mliosoma hapa zamani, ninalo ombi moja. Mkija kututembelea mnatuuliza matokeo ya mpira na ya mitihani, nasi twafurahi. Safari ijayo mchukueni mwanafunzi mmoja kando, mwulizeni wa kwao wanaishije, kisha msiondoke upesi. Na wewe mwenzangu mwenye daftari lenye tarakimu mbili, usingoje mpaka usifiwe na mama yako mbele ya watu. Nenda leo. Yuko mzee mahali fulani mwenye tochi.