Ripoti ya binti, maswali ya mama

Mtoto akishaingia chuo, wazazi wengi huona kazi yao imebaki kwenye ada, nauli na fedha ya matumizi. Masomo yenyewe huachiwa walimu, hasa yakiwa ya uhandisi. Mzazi aliyeishia darasa la saba atachangia nini kwenye hesabu za mabomba na pampu? Mama mmoja anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, muuza ndizi na parachichi katika soko la Tengeru, naye aliwaza hivyo hivyo mpaka binti yake alipopewa kazi ya kuandika ripoti.

Binti huyo yuko mwaka wa pili wa stashahada ya uhandisi wa maji katika chuo kimoja jijini Arusha. Kati ya masomo yake limo la stadi za mawasiliano, somo ambalo wenzake wengi hulidharau wakisema ni Kiingereza cha sekondari kilichorudi kwa jina jingine. Muhula huu mwalimu aliwapa kazi moja kubwa. Kila mwanafunzi atafute tatizo la kweli mahali anapopajua, alinganishe njia za kulitatua, kisha aandike ripoti ya mapendekezo itakayomshawishi mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Mtu huyo lazima awepo kweli. Kuandika kwamba ripoti inakwenda kwa "serikali" au "jamii" hakukuruhusiwa.

Binti alichagua maji ya kunywa ya shule ya msingi anakosoma mdogo wake wa miaka sita. Wa kuamua ni kamati ya shule, na mmoja wa wajumbe wa kamati hiyo ni mama yake mzazi.

Maji yanayopaka meno rangi

Tatizo lenyewe linajulikana na kila mkazi wa Arusha na Meru. Mlima huo wenye urefu wa mita 4,566 ni volkano, na miamba yake ina madini ya floraidi yanayoyeyuka na kuingia kwenye chemchemi, mito na visima. Floraidi kidogo husaidia meno yasioze. Ikizidi, hupaka meno ya mtoto madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi, na mtu akiyanywa maji hayo miaka mingi, viungo vinaweza kukakamaa na mifupa kupinda.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa ukomo wa chini zaidi ungeacha vijiji vingi bila chanzo chochote halali, kabla ya kushuka nayo hadi 1.5. Vyanzo vingi kuuzunguka Mlima Meru huzidi kiwango hicho.

Kilichomsukuma binti ni umri wa mdogo wake. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi kabla hayajaota, na madoa huingia katika miaka hiyo ya kujengeka, mpaka mtoto anapofikisha miaka 8 hivi. Baada ya hapo jino limeshakamilika. Kwa hesabu hiyo, mdogo wake ana miaka miwili iliyobaki. Ripoti ya somo dogo ikawa jambo la nyumbani.

Rasimu ya kurasa 22

Rasimu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, kurasa 22, na ililinganisha njia tatu.

Ya kwanza ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, husagwa kuwa chenga, kisha maji hupitishwa humo na chenga zinanasa floraidi. Njia hii inafahamika vizuri Arusha, maana kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi.

Ya pili ni kuvuna maji ya mvua, ambayo kwa kawaida karibu hayana floraidi kabisa.

Ya tatu ni kununua maji yaliyochujwa. Hapo eneo halikosi ubunifu. Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, alibuni chujio linalotengenezwa kulingana na uchafu na madini ya mahali husika, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Binti alipendekeza mkaa wa mifupa. Jedwali lake lilionyesha kwamba chujio moja kubwa lingehudumia shule nzima, mvua iwepo isiwepo. Kwa hesabu za darasani hakukuwa na kosa.

Jioni moja, kabla ya kuikabidhi, alimwomba mama yake amsikilize. Kwa kuwa mama hakijui Kiingereza, ilibidi kila ukurasa usemwe kwa Kiswahili. Mama alisikiliza huku akimenya ndizi, na alipomaliza kusikiliza akaanza kuuliza.

"Sasa mwanangu, hizo chenga zikishachoka, tutajuaje?"

Swali hilo lilimkwamisha binti. Floraidi haina rangi, haina harufu. Maji yaliyochujwa na yasiyochujwa ni sawa kwa macho na kwa ulimi. Chenga zikishajaa haziondoi kitu tena, na bila kupima hakuna anayejua. Shule ingehitaji kipimo, na mtu wa kupima kila baada ya muda. Ripoti ilikuwa kimya juu ya hilo.

"Na mifupa ni ya mnyama gani? Wazazi Waislamu watauliza hilo kabla ya kuuliza bei."

Ripoti ilisema "mifupa" tu.

"Fundi wa kuzibadilisha atalipwa na nani? Mlinzi wenyewe tunamchangia kwa mbinde."

Binti alianza kukasirika. "Lakini mama, hayo siyo maswali ya kihandisi."

"Basi usituletee kwenye kamati," mama akajibu, "maana ndiyo tutakayouliza."

Funzo la chombo cha anga

Wiki iliyofuata binti alipeleka malalamiko kwa mwalimu wake. Mwalimu akamkumbusha mfano aliowahi kuutoa darasani, unaofundishwa kwa wahandisi duniani kote.

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga cha Marekani, Challenger, walipendekeza chombo kisirushwe kesho yake, kwa sababu baridi kali ingekakamaza mipira inayoziba maungio ya roketi. Walikuwa sahihi. Walituma kurasa 13 za maelezo na michoro kwa faksi. Ila kurasa hizo hazikuonyesha kwa mtazamo mmoja kile kilichokuwa kichwani mwao, yaani jinsi uharibifu wa mipira ulivyoongezeka kadiri hali ya hewa ilivyozidi kuwa baridi. Wakuu walibishana nao, pendekezo likageuzwa, na asubuhi ya Januari 28 chombo kikalipuka kikiwa na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule.

Wachambuzi bado wanabishana ni kiasi gani lawama iende kwa michoro na kiasi gani kwa wakubwa waliokuwa na haraka ya kurusha. Mwalimu alitaka wanafunzi wake waondoke na jambo moja: mhandisi anaweza kuwa na jibu sahihi na bado akashindwa, kama anayeamua hakupata majibu ya maswali yake mwenyewe. Akamwambia binti kwamba mama yake ameshamfanyia nusu ya kazi.

Mizani moja kwa njia zote

Binti aliianza ripoti upya. Safari hii alitoka kwenye maswali ya kamati na kuyafanya mizani ya kupimia kila njia: gharama ya kuanza, gharama ya kila mwaka, nani atafanya kazi ya kila wiki, kitu kikiharibika kitajulikanaje, na wazazi watakikubali au la. Njia zote tatu zilipita kwenye mizani hiyo hiyo, hata ile aliyoipenda.

Matokeo yakabadilika. Mkaa wa mifupa ulibaki na nguvu ya kuondoa floraidi lakini ukaanguka kwenye upimaji na uangalizi. Maji ya kununua yalikuwa rahisi kuanza, ila kila siku ya shule ingekuwa siku ya kutoa fedha. Mvua ilishinda kwa uangalizi, kwa kuwa kusafisha paa na gata ni kazi ambayo kila mtu anaiweza. Udhaifu wake ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba.

Hapo ndipo umri wa watoto ulipoingia kwenye hesabu. Kuwanywesha wanafunzi wote 600 kungehitaji matangi mengi. Ila wanaohitaji zaidi ni wa awali, darasa la kwanza na la pili, ambao ni 180. Kila mmoja nusu lita kwa siku ni lita 90. Katika miezi ya kiangazi, ukitoa likizo, kuna siku za masomo kama 80, kwa hiyo lita 7,200. Simtanki moja la lita 10,000 lingetosha.

Mama aliposikia hivyo, akauliza swali la mwisho. "Na uji wao unapikwa na maji gani?"

Kikombe cha uji ni kama robo lita ya maji. Kwa watoto 180 ni lita 45 kwa siku, na kwa siku 80 ni lita 3,600. Jumla ikapanda hadi lita 10,800, na tangi moja halikutosha tena. Pendekezo likawa matangi mawili, la lita 10,000 na la lita 5,000. Paa la madarasa mawili, lenye mita za mraba 150, hukusanya lita 120 kwa kila milimita moja ya mvua, hata ukihesabu kwamba sehemu moja katika tano inapotea. Milimita 125 zinajaza yote, na masika ya Meru huleta zaidi ya hapo.

Kusema udhaifu mapema

Sehemu iliyompa binti shida zaidi ilikuwa kueleza kile ambacho matangi hayatafanya. Aliogopa kwamba kukiri udhaifu kungeua ripoti. Mama, mwenye miaka mingi sokoni, alimwambia mteja akigundua mwenyewe parachichi lina doa hanunui tena kwako; ukimwonyesha wewe, anachagua lililo zima na kesho anarudi.

Kwa hiyo ripoti ilisema wazi. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, maana yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, na maji yatibiwe dhidi ya vijidudu. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi makali. Na watoto wakirudi nyumbani bado watakunywa maji yale yale ya zamani, kwa hiyo shule peke yake haitamaliza tatizo.

Aliongeza aya kuhusu magadi. Familia nyingi za kaskazini huyatia kwenye maharage na makande ili yaive haraka, na magadi mengi ya eneo hilo yana floraidi nyingi. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila magadi. Hiyo ndiyo hatua pekee katika ripoti nzima ambayo haikuhitaji senti ya kamati.

Chuo kilitaka ripoti ya Kiingereza, na akaiandika, kurasa 14. Mwalimu alimruhusu kuambatanisha muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, na huo ndio uliosomwa kwenye kikao. Mama aliwaambia wajumbe mapema kwamba mwandishi ni mwanawe, akakaa kimya wakati wa kupiga kura. Kamati haikukubali yote. Ilipitisha tangi la lita 5,000 kwanza kwa michango ya wazazi, likae tayari kabla ya masika, na la pili lijadiliwe baada ya mavuno. Ni chini ya nusu ya kilichoombwa, na litatosha maji ya uji wa kiangazi chote pamoja na siku chache za kunywa. Binti alikwenda kupima paa tena siku hiyo hiyo.

Mzazi anaweza kuuliza nini

Mzazi mwenye kijana anayeandika ripoti ya namna hii hahitaji kuijua fani yake. Amwombe aieleze kwa lugha ya nyumbani, kisha amuulize: Nani ataamua, na anaogopa nini? Umepima njia zote kwa kipimo kimoja, au umeipendelea yako? Nani atafanya kazi hiyo mwaka wa tatu, wewe ukiwa haupo? Kikiharibika tutajuaje? Na ni kipi hakitatatuliwa?

Kijana akikwama kwenye swali mojawapo, asisaidiwe kulijibu. Aachwe arudi nalo chuoni.