Siku Moja Ikola na Karema

Ilikuwa miezi mingi tangu familia yetu ikae pamoja kutwa nzima. Baba yuko kazini, sisi sokoni, watoto shuleni. Hivyo Jumamosi moja ya Septemba tulichemsha viazi, tukajaza chai kwenye chupa, tukaondoka Mpanda alfajiri kwenda Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 100.

Njia ni ya miombo na vumbi. Watoto walisinzia, lakini ziwa lilipoonekana mbele yetu wote walipiga kelele. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi.

Tulifika Ikola mitumbwi ikirudi. Wavuvi walitueleza kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza. Huwasha taa, dagaa hufuata mwanga, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu.

Hapo ndipo kazi ya akina mama inapoanza. Hununua dagaa mtumbwini na kuwaanika, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja. Wa kichanjani hukauka haraka na hawana mchanga. Mvua ikinyesha ghafla, mtaji wote huoza.

Tulimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akigeuza dagaa wake, tukamsaidia kidogo. Tulimwuliza habari za mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane.

"Wanangu, tulipata shida," alisema. "Niliuza mbuzi wangu, nikala muhogo na deni. Lakini mimi nimezaa watoto sita, na kila mara nilipumzishwa siku arobaini. Ziwa nalo ni mama. Nani alilipumzisha?"

Tulitazamana na baba watoto, tukakosa la kusema.

Mchana tulikwenda Karema. Wabelgiji walijenga ngome hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe. Tuliwasimulia watoto habari za Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa utabibu kule Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa hapo, akawatibu watu wa ziwani mpaka alipofariki mwaka 1956. Kitinda mimba wetu aliuliza, "Hakwenda likizo?" Tulicheka sana.

Jioni tulirudi na sado mbili za dagaa. Kesho yake binti yetu, ambaye siku zote huwasukuma dagaa pembeni mwa sahani, aliwala wote. "Yule bibi aliwageuza kwa mkono wake," alisema.

Mama mwenzetu, ukitaka kwenda, chagua kiangazi, ondoka mapema, na beba maji ya kutosha. Uliza dagaa wa kichanjani, na usimpunje anayekuuzia, maana sasa unajua kazi yake. Nasi tumekubaliana nyumbani: Jumamosi moja kila mwezi duka litafungwa. Mauzo yatapungua kidogo. Lakini hata ziwa, pamoja na ukubwa wake wote, lilihitaji kupumzika.