Mama wa Katubuka na Bajeti ya Meli ya Kitalii

Kutoka Katubuka mpaka bandari ya Kigoma si safari ndefu. Unaliacha nyuma bwawa letu, ambalo mvua zikizidi huingia hata majumbani mwa watu, unapita Mwanga, unateremka mpaka stesheni ya reli, na hapo chini ndipo lilipo ziwa. Wengi wetu akina mama wa hapa tumeteremka njia hiyo na mizigo kichwani: mawese, dagaa, sabuni. Kwetu sisi meli ni kazi. Basi mwenzetu mmoja alipoalikwa na binti yake anayeishi ng'ambo wasafiri pamoja siku saba katika meli ya kitalii, tulikaa barazani jioni nzima tukiulizana ni meli gani hiyo ambayo watu hupanda bila kuwa na mzigo wa kuuza.

Kumbe undugu upo. Liemba, meli yetu ya tangu enzi za bibi zetu, ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer kilichoko Papenburg, Ujerumani. Ililetwa vipande vipande katika makasha yapatayo 5,000, ikapanda treni kutoka Dar es Salaam, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Mwaka 2015 ndiyo iliyowachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwaleta Kigoma. Safari zake zilisimama mwaka 2018 ili ifanyiwe matengenezo makubwa. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichojenga Norwegian Dawn, meli ya kitalii iliyotia nanga Dar es Salaam Januari 2024 na watalii zaidi ya 2,000. Ndani yake kuna mabwawa ya kuogelea, kumbi za michezo na spa, yaani mahali pa kukandwa mwili, kusuguliwa ngozi na kutunzwa uso na kucha.

Hapo kwenye spa ndipo mazungumzo yalipopamba moto. Binti alikuwa ameeleza kwamba kitanda na chakula vimekwisha kulipiwa, ila spa haimo, atakayetaka hujilipia. Baadhi yetu walisema hiyo ni anasa, na mama mwenye adabu hukandwa na bintiye nyumbani. Sisi wengine hatukukubali. Mgongo uliobeba madebe ya mawese miaka thelathini una haki ya saa moja ya mapumziko. Suala si kama aende au asiende, bali fedha zitoke wapi, na ziwe kiasi gani.

Tulichukua kalamu. Tuseme masaji imeandikwa dola 150. Usidhani utalipa 150. Katika meli nyingi za namna hii huongezwa malipo ya huduma, kama asilimia 18 au 20, bila kukuuliza. Kwa asilimia 20 zinakuwa dola 180. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 450,000. Baraza likanyamaza kidogo!

Jambo la pili ni kwamba melini hushiki noti. Unapewa kadi, kila unachotumia kinaandikwa, na hesabu unaipata mwisho wa safari. Sisi tunaijua vizuri habari hii, maana ndilo daftari la mkopo la dukani: sukari leo, mkate kesho, mwisho wa mwezi mama anashika kichwa. Afadhali kupita mapokezi kila baada ya siku mbili na kuuliza umefikia wapi.

Tena, mhudumu akimaliza kukukanda, mara nyingi huleta mafuta na losheni, akakueleza jinsi ngozi yako inavyozihitaji. Ni kazi yake, usimkasirikie. Sema asante na uondoke. Kigoma tuna mafuta ya mise yanayotokana na kokwa za michikichi, na ngozi zetu zimeyazoea. Hina nayo ipakwe Ujiji kabla ya kuondoka, kwa bei ya nyumbani.

Ulizeni pia bei za siku ambazo meli imetia nanga. Abiria wengi hushuka kutembea mjini, spa hubaki tupu, na mara nyingi bei hupunguzwa. Ukibadili nia baada ya kuweka nafasi, toa taarifa mapema, kwani ukichelewa unaweza kutozwa. Na mwenye shinikizo la damu au mimba aseme kabla ya kulala kitandani.

Mwenzetu alimweleza mumewe yote haya, pamoja na ile 450,000. Mzee alicheka, kisha akauliza habari ya ada ya mtoto wa mwisho. Akaonyeshwa risiti, ilikuwa imelipwa tayari. Fedha za spa zingetoka katika mauzo yake ya mawese ya miezi minne, zikitunzwa peke yake, na zisipofikia kiasi hicho angechagua masaji ya miguu tu, ambayo ni fupi na nafuu. Chupa ya mise aliifunga kwa nailoni mara mbili akaiweka katika sanduku kubwa, maana mkoba wa mkononi hauruhusiwi kuingia na chupa kubwa ya mafuta ndani ya ndege.