Uwezo Usiotumika

Wiki mbili hizi nimekuwa nikirudia sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na kila mara nakwama kwenye neno lilelile. Biblia ya Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tulikua nayo, haisemi kwamba Paulo aliacha kutumia haki zake. Inasema hakuutumia uwezo wake. Leo tungeandika haki, na pengine tungekuwa sahihi zaidi, lakini mimi nalipenda neno la zamani. Haki unaweza kuidai huku mikono yako ikiwa mitupu. Uwezo ni kitu ulicho nacho tayari.

Kisa chenyewe kinajulikana. Nyama iliyouzwa sokoni Korintho mara nyingi ilikuwa imepitia kwenye mahekalu ya miungu. Waumini wengine waliila bila shida, maana sanamu si kitu. Wengine roho ziliwasuta. Paulo anakubaliana na wale wa kwanza, kisha anasema yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu.

Msomaji mwenye haraka anaishia hapo. Anafunga kitabu akiamini kwamba Mkristo mzuri ni yule anayenyamaza. Lakini angalia sura ya 9 ilivyopangwa. Kabla hajasema ameacha chochote, Paulo anajenga hoja kama wakili: askari hajilipii mshahara, mwenye mizabibu anakula zabibu zake, mchungaji anakunywa maziwa ya kundi lake, hata ng'ombe anayepura nafaka hafungwi kinywa. Anathibitisha kabisa kwamba kutunzwa na kanisa ni stahili yake. Akishashinda kesi ndipo anasema, asanteni, sitaki. Alikuwa na kazi yake ya kushona mahema.

Kwetu Babati habari ya nyama si mfano wa kitabuni. Mji wetu una Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig, na watu wa kila kona walioongezeka tangu Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 na Babati ikawa makao makuu. Ukiwa na shughuli utawaalika wote, na ukitaka wote wale sahani moja, anayechinja ni Mwislamu. Sikufundishwa utaratibu huu, niliukuta. Nyumbani kwetu ni Walutheri, na kila kipaimara ng'ombe alichinjwa na jirani yetu Mrangi tunayemwita Babu. Alikuja alfajiri na kisu chake, akamwelekeza mnyama kibla, akamaliza, akanywa chai ya maziwa, kisha akarudi kwake kuoga na kuvaa kanzu ya kuja kulia pilau. (Kitimoto, kwa taarifa yako, kipo mjini na kina wateja wake waaminifu. Ila hakiingii kwenye sufuria za shughuli.)

Halafu ukaja mwaka 2013. Mwezi wa pili, kule Buseresere mkoani Geita, ubishi wa nani achinje uligeuka ghasia na Mchungaji Mathayo Kachila akauawa. Nchi nzima ilizungumza. Wakristo wengi walianza kuuliza kwa sauti jambo ambalo zamani halikuulizwa: huu ni ukarimu wetu, au tumeamriwa?

Mwishoni mwa mwaka huohuo tulikuwa na kipaimara cha kitinda mimba wetu. Kaka yangu alikuwa amerudi kutoka chuo, na swali hilo alikuja nalo mpaka jikoni.

"Mama, ni wapi imeandikwa kwamba hatuwezi kuchinja ng'ombe wetu wenyewe?"

Mama alikuwa anachambua mchele. "Hakuna palipoandikwa, baba. Unaweza. Kisu kile pale. Ila ukichinja wewe, Babu atakula nini?"

"Tumchinjishe kuku wake."

"Akae pembeni na kuku wake kama mgonjwa?"

Babu alikuja alfajiri kama kawaida. Mimi sisemi kaka alikuwa mjinga. Mtu aliyewekewa panga shingoni hajatoa zawadi, ameporwa, na haifai kuliita hilo upendo wa Kikristo. Kilichonivutia ni mpangilio wa jibu la Mama, maana hakusoma theolojia popote. Alianza na "unaweza".

Wahubiri wetu mara nyingi huliruka neno hilo. Namkumbuka shangazi yangu, dada wa baba, aliyefiwa na mume akaachwa na watoto watatu na shamba upande wa Bonga. Mashemeji walilitaka. Wazee wa kanisa walikuja kumtembelea, wakasali vizuri, kisha wakamwambia aachie kwa ajili ya amani, kwani hata Paulo aliacha haki zake. Shangazi aliwamiminia chai na kuwauliza kama mashemeji nao walishatembelewa na kusomewa hiyo sura. Hawakuwa wamefika huko.

Alikwenda baraza la kata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mila ikimnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi, uamuzi huo ni batili, na palikuwa na mtu ofisini aliyeifahamu. Ilichukua karibu mwaka mzima. Kanisani kuna waliokaa benchi lingine walipomwona. Mwisho shamba likabaki lake na la wanawe, likaandikwa, mipaka ikapandwa minyaa.

Msimu uliofuata alimpelekea ujumbe mama mkwe wake, bibi mzee aliyekuwa akilishwa kwa zamu na wale wanawe waliomshtaki shangazi. Alimpa ekari moja alime, ile iliyo karibu na njia ili asitembee mbali. Kaka yangu alipomuuliza kwa nini, baada ya kuhangaika kote kule, shangazi alimshangaa. "Kwani ningempa nini wakati ule? Shamba la ugomvi?"

Bibi alipanda mahindi na mbaazi pale mpaka mwaka 2017, ule ambao India ilibana uingizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka. Alifariki kabla hajauza. Magunia yake mawili yalikaa stoo kwa shangazi muda mrefu. Shemeji mkubwa alipokuja kuyachukua, shangazi alimsaidia kuyapakia kwenye bodaboda.