Boti ya Yatima na Gari la Kuikokota

 Huenda msomaji akastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto alifu na bee, leo azungumza habari za magari na boti. Asistaajabu sana. Jambo hili lilitufika sisi wenyewe, na ndani yake mlikuwa na amana ya yatima. Nasi tulikuwa karibu kuipoteza amana hiyo kwa ajili ya fahari.

Ndugu yetu mdogo alifariki mwaka 2019, akaacha mjane na watoto wanne. Mkubwa wao ni kijana aliyekwisha baleghe, anajifunza ufundi wa magari. Watatu walikuwa bado wadogo. Mali aliyowaachia ilikuwa boti moja ya faiba yenye urefu wa futi 23, mashine yake ya nguvu za farasi 40, tela la kuibebea, na pikapu kuukuu. Jamaa walituchagua sisi tuwe msimamizi wa mali hiyo.

Kijiji chetu kiko baina ya Tanga na Pangani, na pwani yetu iko wazi kwa bahari kuu. Wakati wa kaskazi boti huvua papa hapa. Lakini kusi ikikaza, mawimbi huwa makali, basi boti hukokotwa barabarani mpaka ghuba ya Tanga, penye maji matulivu. Hukokotwa pia ipelekwapo kwa fundi. Siku nyingine zote gari halikokoti kitu. Kazi yake ni kupeleka samaki mjini na kurudi na barafu.

Mwaka 2022 ile pikapu kuukuu ilikufa kabisa. Tukaiuza kwa bei ya chuma, tukaichanganya fedha hiyo na akiba ya boti, tukaenda mjini kutafuta gari jingine. Huko tuliona magari mawili. La kwanza lilikuwa pikapu kubwa, ndefu, yenye injini ya petroli ya lita 4, inang'aa kama sahani ya harusi. La pili lilikuwa pikapu ndogo, injini yake ya dizeli ya lita 2.5, rangi yake imefifia kwa jua. Fedha tuliyokuwa nayo ilitosha kwa lile dogo tu. Kwa lile kubwa ingetupasa kukopa, na mkopo wenyewe ulikuwa na riba.

Hapa twapenda kusema kweli mbele ya wasomaji, kwani aibu ya dunia ni nyepesi kuliko ile ya akhera. Moyo wetu ulilipenda lile kubwa. Tulijiambia kwamba boti ni nzito na dogo litashindwa kuivuta. Lakini chini ya maneno hayo palikuwa na jambo jingine: tulijiona tumeketi juu ya kiti kirefu, tukipita mbele ya msikiti, na watu wakisema, "Tazama gari la Mwalimu!" Habari ya riba tuliisukuma kando, tukajidanganya kuwa hiyo ni dharura.

Usiku ule tuliwakusanya jamaa ili kuwaeleza. Tulipomaliza, yule kijana mkubwa wa marehemu akaomba ruhusa ya kusema.

"Samahani, Ami. Boti yetu ina uzito gani?"

"Haipungui tani tatu, mwanangu."

"Ilipimwa lini, Ami?"

Tukanyamaza. Haikupimwa kamwe. Twawafundisha watoto kila siku kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kumbe sisi wenyewe tulikuwa tumeacha kuuliza.

Asubuhi tukaazima gari la jirani, tukaikokota boti mpaka kwenye mizani ya magari. Boti, mashine, petroli lita 60, nyavu, nanga na tela lenyewe, vyote pamoja vilikuwa kilo 1,350. Hazikufika hata nusu ya zile tani tatu zetu! Kisha yule kijana akafungua kitabu cha lile gari dogo, akatuonyesha kwamba huruhusiwa kukokota kilo 2,500 ikiwa tela lina breki zake lenyewe, na kilo 750 tu ikiwa halina. Basi gari dogo lilitosha, na likabakiza nguvu. Kilichopungua kilikuwa breki za tela, nasi hatukuwa tumezifikiria hata kidogo. Laiti tungelinunua lile kubwa, tungeendelea kukokota tela lisilo na breki na kudhani tumesalimika.

Kisha tukahesabu mafuta. Safari ya kwenda mjini na kurudi ni kiasi cha kilomita 60, na kwa mwezi gari hutembea kilomita 1,500. Mwenye lile kubwa alikiri kwamba hunywa lita 15 kila kilomita 100. Lile dogo, kwa kipimo chetu wenyewe, hunywa lita 9. Na siku za kukokota boti, ambazo ni chache, hufika 13. Tofauti ni lita 6 katika kila kilomita 100, yaani lita 90 kwa mwezi. Mwaka ule bei ya lita moja ilikwisha kupita shilingi 3,000. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni zaidi ya shilingi 270,000 kila mwezi, moshi mtupu, tena kutoka katika riziki ya watoto wasio na baba. Na hapo riba haijahesabiwa.

Tulilinunua lile dogo, tena kwa fedha taslimu. Kilichobaki tulilipa fundi atie breki katika tela, zile zinazojibana zenyewe gari lipunguzapo mwendo.

Hata hivyo tusidhani kwamba kununua gari dogo ndio mwisho wa busara. Siku ya kwanza tuliyokokota, tulirundika nyavu zote na mapipa ya petroli kwenye tezi, karibu na mashine. Tulipoteremka kilima, tela likaanza kutikisa mkia huku na huku, na gari nalo likayumba. Mwenyezi Mungu akatustiri. Tukasimama, yule kijana akatueleza: katika kila sehemu 10 za mzigo, kiasi cha sehemu 1 hupasa ilale juu ya kishikio cha nyuma ya gari, kwa boti yetu ni kilo 135 hivi. Ukipungua sana, tela huyumba. Ukizidi sana, gari huinua pua na usukani huwa mwepesi wa hatari. Tukahamisha mizigo mbele, tela likatulia kama kondoo.

Pwani nako tulijifunza. Mchanga mbichi hautazami ukubwa wa injini, watazama magurudumu. Gari letu huvuta kwa magurudumu yote manne na lina gia nzito. Twapunguza upepo kidogo katika matairi, twatoka polepole, kisha twaujaza tena kabla ya kuingia barabarani. Wala hatulizamishi tela majini mara tufikapo, kwani beringi zenye moto zikipoa ghafla huvuta maji ya chumvi ndani. Twangoja zipoe, na tukitoka twaosha kila kitu kwa maji baridi na kutia girisi.

Enyi vijana, msitufahamu vibaya. Hatusemi kila mtu anunue kidogo. Mwenye boti ya tani tatu akinunua gari dhaifu ili aokoe fedha, huyo si mwenye kubana matumizi, bali ahatarisha roho yake na za wapita njia. Israfu ni kupita kiasi, na ubahili ni kupunguza kiasi, na kiasi hakijulikani ila kwa kupima. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza israfu ya maji hata kwa atawadhaye kando ya mto upitao. Basi itakuwaje kwa dizeli, tena ya yatima?

Leo gari lile lingali lafanya kazi. Kilimani huenda taratibu likiwa na boti nyuma, na magari makubwa hutupita yakipiga honi. Nasi huwapisha. Kila mwisho wa mwezi mjane wa ndugu yetu huletewa hesabu iliyoandikwa, na ada za chuo na skuli za watoto hutoka humo bila ya deni. Yule kijana ndiye dereva. Sisi huketi ubavuni pake, na tupitapo mbele ya msikiti hatusikii mtu akilisifu gari la Mwalimu. Gari silo letu, ni la wenyewe, na Siku ya Hesabu tutaulizwa habari zake.